Eneo la wazi la mtaa: uwanja wa mpira, bustani au gulio?

Mtaa wa Arusha au Moshi ambao bado una eneo la wazi, siku moja mkutano utaitwa kuamua lifanyiwe nini. Vijana watataka uwanja. Akina mama wa mboga watataka mahali pa kupanga meza. Wazee watataka kivuli na pa kuchezea bao. Na pembeni hatakosekana mwenye fedha zake anayeomba apewe yeye, afungue pa kuoshea magari, awe analipa mtaa kila mwezi. Kila mmoja ana hoja yake, na eneo ni hilo hilo moja.

Hapa tunalinganisha matumizi matatu ya kwanza. Tuchukue mfano wa eneo la mita 60 kwa 50, yaani mita za mraba 3,000, kama robo tatu ya ekari, lenye barabara upande mmoja wa mita 60. Kipimo tunachokiamini kuliko vingine ni saa: eneo litakuwa na watu saa ngapi kwa siku, na watu gani. Eneo lenye watu tangu asubuhi mpaka saa mbili usiku halivamiwi. Lenye watu kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, asubuhi moja mtakuta tripu ya mchanga imemwagwa kona, wiki inayofuata mawe, na mwezi ukiisha kuna msingi.

Si jambo dogo. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, hushauri mji utenge asilimia 15 hadi 20 ya ardhi yake kwa maeneo ya wazi ya umma, mbali na barabara, na mkazi asitembee zaidi ya mita 400 kulifikia la karibu. Sehemu kubwa ya Unga Limited na Ngarenaro, mjini Arusha, ilijengwa bila ramani, na huko nafasi kama hiyo ukiipoteza hairudi. Kuipata tena ni kubomoa nyumba za watu. Kwa hiyo mtaa uliobakiwa na kipande hata cha nusu ekari unashika kitu ambacho jirani zake hawanacho.

Karatasi kwanza, mchoro wa ndoto baadaye

Nendeni idara ya mipango miji ya halmashauri, iwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, mkaombe kuona mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji ya eneo. Angalieni mambo matatu.

La kwanza ni matumizi yaliyoandikwa. Ikiwa ni eneo la wazi au michezo, uwanja na bustani vinaingia bila kubishana na ramani. Soko ni matumizi mengine, na kubadili matumizi kunaombwa kwa mamlaka ya upangaji, ambayo ni halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Hapo gulio linaanza likiwa nyuma ya wenzake kwa miezi kadhaa.

La pili ni mto. Arusha imekatwa na Themi, Naura, Burka na Kijenge, na maeneo mengi yaliyosalia wazi yako kandokando ya mito hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Eneo lenu likiangukia humo, mjadala umekwisha: ni miti na nyasi, bila zege, bila vyoo, bila vibanda.

La tatu ni bikoni, yaani alama za mipaka ya eneo. Zitafuteni zote mkiwa na mpima, na iliyong'olewa irudishiwe kabla hata jembe halijaguswa. Mkumbuke kwamba mtaa si kijiji, hausimamii ardhi. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuuza wala kugawa eneo la wazi, na mhuri wa mtaa kwenye karatasi ya mauziano hauligeuzi kuwa kiwanja cha mtu. Kwa sababu hiyo hiyo yule wa kuosha magari si chaguo la nne la kweli. Mtaa hauwezi kumpangisha usichokimiliki, na maji yenye oili lazima yatafute mtaro wa jirani.

Uwanja wa mpira

Uwanja kamili wa watu kumi na mmoja unataka mita 90 hadi 120 kwa urefu, kwa hiyo kwenye eneo letu la mfano hauingii. Msilazimishe. Uwanja uliobanwa, wenye laini ya pembeni inayogusa ukuta wa mtu, huzaa vioo vilivyovunjika na ugomvi wa kila jioni. Kinachoingia vizuri ni uwanja wa watu saba, mita 50 kwa 30. Ongezeni mita 3 za usalama kila upande mnapata 56 kwa 36. Urefu umetosha ndani ya mita 60, na kwa upana unabakiwa na ukanda wa mita 14. Ukanda huo tutaurudia, ndio unaotatua mambo.

Magoli yaelekee kaskazini na kusini kama umbo la eneo linaruhusu, la sivyo saa kumi na moja jioni kipa mmoja anadaka huku jua liko machoni. Nguzo za goli ni mabomba ya inchi 3 yaliyochimbiwa sentimita 60 na kumwagiwa zege. Magoli ya kuhamisha yaepukwe; watoto huyaning'inia, yakapinduka na kuwaangukia, na hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote za uwanjani. Nyuma ya goli linalotazama nyumba wekeni wavu wa mita 5. Ni gharama, ila hulipwa mara moja, wakati vioo hulipwa kila mwezi.

Kazi inayoharibika kuliko zote ni ya chini ya miguu. Watu huleta greda, likasawazisha eneo likawa kama meza, na wote wakafurahi mpaka masika ya Machi. Uwanja uliolala sawasawa hauna pa kupeleka maji. Kati panatakiwa pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 20 hivi, maji yateremkie pande zote mbili kwenye mitaro ya kina cha sentimita 30 iliyojazwa mawe, ili mtoto asitegue mguu. Penye udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, greda peke yake ni kupoteza fedha. Hapo inatakiwa moramu, ule udongo wa changarawe, ya sentimita 10 iliyoshindiliwa. Kwa mita 56 kwa 36 hiyo ni mita za ujazo 200 ikishashindiliwa, ambazo kabla ya kushindiliwa ni kama 250, yaani tripu 36 za lori la mita za ujazo 7. Sentimita 2 za juu ziwe zimechekechwa, maana moramu yenye kokoto huchuna magoti ya watoto na wazazi wakawakataza kuja.

Udongo wa volkano wa Arusha una tatizo lake: kiangazi, tangu Julai mpaka Oktoba, hugeuka vumbi laini linaloingia kila dirisha. Nyasi ndiyo dawa, lakini nyasi hazitaota uwanja unaochezewa kila siku. Fungeni uwanja kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei, mpande ukoka kwa vipandikizi kila sentimita 30, na muwe wakali. Miezi mitatu ya kulalamikiwa inawapa mwaka mzima wa pumzi. Mbele ya magoli hazitadumu hata hivyo, pajazwe udongo kila masika yanapoisha.

Sasa saa. Uwanja peke yake huwa na watu kuanzia saa kumi jioni mpaka giza, wengi wao wavulana wa miaka kumi hadi ishirini na mitano. Asubuhi uko tupu. Wasichana hawaji kwa kuambiwa wanakaribishwa. Wanakuja pakiwa na laini zao na siku zao. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, unaingia kwa kukingama ndani ya zile mita 36 za upana. Chorwe kwa rangi nyingine, wapewe jioni mbili kwa wiki, ratiba ibandikwe ofisi ya mtaa. Bila karatasi hiyo ukutani, timu ya wakubwa hula jioni zote saba.

Bustani

Bustani hupendwa na kila mtu kwenye mkutano na kusahaulika na kila mtu Julai. Ni rahisi kuianzisha, ngumu kuilea, na ugumu wenyewe una jina moja: maji. Tuseme mmepanda miti 40. Kila mti unataka ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi kwa miaka miwili ya kwanza. Hizo ni lita 1,600 kwa wiki. Kama hakuna bomba lililounganishwa na mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, au tangi la mvua kwenye paa la shule au msikiti wa jirani, punguzeni miti mpaka mfikie idadi mnayoweza kuinywesha. Miti 12 iliyoshika ni mingi kuliko 40 iliyokauka.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe pembeni uchanganywe na debe moja la samadi, na mche upandwe mvua zikishakolea. Nafasi kati ya mti na mti mita 7. Kila mche uwekewe uzio wa miti na waya, kwa kuwa mbuzi wa mtaa hajui ramani. Mringaringa hutoa kivuli kipana na unaota vizuri kote kuwili. Mwarobaini unapenda joto la Moshi kuliko baridi ya Arusha. Mijakaranda ni mizuri Oktoba na Novemba ikichanua, ila isipandwe juu ya bomba au karibu na msingi. Miashoki, ile mirefu myembamba inayopangwa kwenye kila geti la siku hizi, haina kivuli cha kumfaa hata kuku. Mnunue michache ya mapambo au msinunue kabisa.

Hali ya hewa ibadilishe mchoro. Moshi mjini iko chini, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na joto la Februari linawafukuza watu mahali pasipo na mti. Huko kivuli ndicho bustani yenyewe. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Juni na Julai, mawingu yakikaa siku nzima, watu hutafuta jua. Mkijaza eneo lote kivuli litakuwa tupu miezi hiyo. Acheni kama theluthi wazi.

Mabenchi ya zege. Chuma kitaondoka usiku kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hata kikiwa kimefungwa nati. Kimo sentimita 45, kina sentimita 40, yenye egemeo kwa ajili ya wazee, na yatazame njia ya watu. Benchi lililoupa mgongo mtaa na kutazama ukuta hukaliwa na wasiotaka kuonekana. Kwa sababu hiyo hiyo ua wa michongoma ukatwe usivuke sentimita 90, na matawi ya chini ya miti yaondolewe mpaka kimo cha mita 2 kutoka ardhini, ili aliye barabarani aone mpaka upande wa pili. Bustani nyingi zinazosemwa "zimeingiliwa na wahuni" zilianza kwa ua ulioachwa kukua.

Mahali pia pana nguvu kuliko uzuri. Minara ya saa ya Arusha na ya Moshi hupigwa picha sana, lakini yote iko katikati ya mzunguko wa magari. Mama mwenye mtoto mgongoni hatavuka pikipiki na vifodi, zile daladala ndogo, ili akakae dakika kumi. Eneo la mtaa lenye njia mbili au tatu za miguu zinazolikata tayari lina watu wake, msizifunge. Tandikeni pevingi, yale matofali ya zege ya kutandika chini, ya unene wa milimita 60 juu ya mchanga wa sentimita 4 pale pale miguu ilipokwisha kuchora njia, upana mita 2, na kingo za zege pembeni, kwa sababu pevingi isiyo na kingo huanza kuachana mvua ya kwanza. Wapitao ndio walinzi wa bure.

Gulio

Hili ndilo linaloleta watu wengi na fedha, na ndilo linalokula wenzake. Gulio lenye siku zake, kama la Tengeru la Jumatano na Jumamosi, huacha eneo lipumue siku nyingine. Soko la jioni la kila siku halina mapumziko, na mtaa uamue tangu mwanzo ni lipi kati ya hayo, kwa maandishi.

Meza ya mboga ni mita 2 kwa 1. Njia ya wanunuzi kati ya safu na safu isipungue mita 2.5; ikipungua, mwenye toroli na mwenye mtoto hawapishani na wauzaji wa ndani hawapati wateja, wakahamia barabarani. Huo ndio mwanzo wa soko kumwagikia kwenye lami: wa nyuma hauzi. Safu moja inayotazama barabara huuza vizuri kuliko safu nne zilizojipanga kwenda ndani, hata kama inaonekana kama mmepoteza nafasi.

Vinavyosahaulika ni vinne: choo chenye maji, matundu mawili walau, bomba la kuoshea mboga, mtaro unaofika kwenye mtaro wa barabara wala hauishii kwa jirani, na guba la taka lililosakafiwa, lenye kuta tatu, upande wa kutolea taka ukitazama barabara ili lori lifike. Taka za mboga haziwezi kungoja siku tatu. Kama ratiba ya lori ni mara mbili kwa wiki, mtahitaji mtu wa kutenganisha majani yaende kwa wafugaji kila usiku. Ushuru nao hukusanywa na halmashauri kwa sheria ndogo zake. Msipige hesabu ya kulipia taa za mtaa kwa fedha ambazo hazitapita mikononi mwenu.

Faida yake iko kwenye jioni. Kati ya saa kumi na saa mbili usiku, meza kumi zenye taa hufanya kazi ambayo mlinzi mmoja hawezi. Msichana anayetoka tuisheni anapita njia yenye watu wanaomjua kwa jina la mama yake.

Kwa kutazama upande kwa upande

| | Uwanja wa watu saba | Bustani | Gulio |
|---|---|---|---|
| Nafasi inayotakiwa | mita 56 × 36 | hata mita 20 × 20 | safu ya mita 30 inatosha meza kumi |
| Saa zenye watu | saa 10 hadi giza | asubuhi na mchana, wachache wachache | saa 10 hadi saa 2 usiku |
| Wanaokosa | wazee, wasichana wasipopangiwa siku | vijana | watoto |
| Gharama kubwa iko wapi | ardhi kusawazishwa | maji, miaka 2 | choo, mtaro, guba |
| Huharibika kwa | maji kutuama, vumbi | ukame, mbuzi, ua mrefu | kupanuka, taka |
| Kibali | matumizi yaliyopo | matumizi yaliyopo | kubadili matumizi |

Uchaguzi wetu

Eneo chini ya mita za mraba 800: bustani, na kona ya watoto yenye mchanga. Msijaribu mpira humo.

Eneo kandokando ya mto: miti tu, hata kama mna mita za mraba 5,000.

Mtaa ulio hatua chache kutoka soko kubwa, tuseme jirani na Kilombero kwa Arusha au Mbuyuni kwa Moshi, hauna haja ya gulio lake. Litakuwa mkia wa soko lile na halitawahudumia wakazi.

Kwa lile eneo letu la mita 60 kwa 50, jibu ni kuvipanga vyote vitatu kwa mpangilio ambao hakuna kimoja kinachoweza kummeza mwenzake. Uwanja ukae nyuma, mbali na barabara, ukichukua mita 36 za upana. Ule ukanda wa mita 14 ulioko mbele ugawanywe: mita 10 zinazopakana na uwanja ziwe bustani yenye miti 8 kwa safu moja, mabenchi yakitazama mchezo upande mmoja na njia upande mwingine, mita 4 za kando ya barabara ziwe za meza kumi na njia ya miguu. Meza kumi za mita 2 na pengo la mita 1 kati yake hula mita 30, nusu ya mbele yote. Nusu iliyobaki iachwe wazi kabisa ili wa barabarani aone mpaka golini. Soko la pembeni kiasi hiki kibali chake nacho mkiulize halmashauri mapema.

Idadi ya meza ndiyo vita yenyewe. Meza ya kumi na moja itaombwa na mtu mwenye shida ya kweli, pengine mjane, na kamati italainika. Wekeni msingi wa zege wa sentimita 15 chini ya meza kumi tu, zenye namba, na safu ya miti nyuma yake. Miti hiyo ikishika hakuna pa kusogezea meza kwenda nyuma, na hapo hakuna anayelazimika kumkatalia jirani yake usoni.

Upande wa barabara wekeni nguzo fupi za zege, kimo sentimita 80, pengo mita 1.2 kati yake. Kiti cha magurudumu kinapita, bajaji haipiti, lori la mchanga ndiyo kabisa. Kwa mita 60 ni nguzo kama 45, moja iwe ya kung'oka kwa kufuli ili lori la taka na gari la wagonjwa yaingie. Ufunguo mmoja kwa mtendaji, mwingine kwa mjumbe anayekaa jirani. Ukuta wa kuzunguka msijenge: unaficha kinachoendelea ndani, na mwenye funguo za geti anakuwa mwenye eneo.

Kazi zianze na bikoni na nguzo, Januari au Februari, hata kama fedha za mengine hazijapatikana. Mitaro na greda vifuate kabla ya mvua za Machi, kwa kuwa mvua za kwanza zitawaonyesha maji yanakolala na mtarekebisha moramu ikiwa bado haijalipiwa yote. Miche na ukoka vipandwe Machi mwishoni au Aprili. Meza ziwe za mwisho, Juni, baada ya choo na guba kukamilika. Zikitangulia, choo hakitajengwa kamwe. Taa za sola zenye betri iliyofungwa juu pamoja na taa, kwenye nguzo za mita 6 kila baada ya mita 20, zianzie kwenye meza na njia ya miguu. Uwanja usubiri: mpira unaweza kuisha giza likiingia, anayerudi nyumbani hawezi.